Jukwaa kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili: Somo la Saikolojia na Sanaa za Maonyesho

Mwaka 1983, nchini Marekani, nusu ya watu wenye sindromu ya Down waliofariki mwaka huo hawakuwa wamevuka umri wa miaka 25 hivi. Kufikia mwaka 1997 umri huo wa kati ulikuwa umepanda hadi miaka 49. Mabadiliko hayo yanahusishwa na upasuaji wa moyo kwa watoto wachanga, tiba bora ya maradhi ya mapafu, na kupungua kwa desturi ya kuwafungia watu hao katika mabweni makubwa yaliyo mbali na jamaa zao.

Sayansi ya tiba ilipolitatua tatizo hilo ilizua swali jingine, ambalo daktari peke yake hawezi kulijibu. Shule humpokea mtoto mwenye ulemavu wa akili, ikamfundisha kadiri iwezavyo, kisha ikamwaga akiwa kijana. Baada ya hapo imebaki miaka thelathini au arobaini ya utu uzima. Ataitumiaje? Mara nyingi jibu limekuwa kukaa nyumbani, kufagia ua, na kuwatazama wengine wakiishi.

Katika makala haya tutachunguza jibu mojawapo lililojaribiwa katika nchi kadhaa, nalo ni sanaa za maonyesho: uigizaji, uchezaji wa ngoma na muziki. Tutaeleza jinsi akili yenye ulemavu inavyojifunza mchezo wa kuigiza, tutatazama vikundi vitatu vinavyojulikana duniani, kisha tutajiuliza kama madai ya faida yake yana ushahidi wa kutosha.

1. Maana ya ulemavu wa akili

Kwanza yafaa tufafanue istilahi. Ulemavu wa akili ni hali inayojitokeza kabla ya mtu kukomaa, ambapo uwezo wa kufikiri, kujifunza na kutatua matatizo uko chini sana ya wastani, na papo hapo mtu huyo hupata shida katika mambo ya maisha ya kila siku, kama vile kutumia fedha, kusafiri, kujitunza na kushirikiana na wenzake. Masharti hayo mawili lazima yatimie pamoja.

Umuhimu wa sharti la pili waweza kuonyeshwa kwa hesabu. Vipimo vya akili vinavyojulikana kama IQ hutengenezwa ili wastani wake uwe 100, na kipimo cha mtawanyiko kiwe 15. Alama 70 ziko mitawanyiko miwili chini ya wastani. Mwanafunzi aliyesoma takwimu ataona kwamba, kwa hesabu hiyo, kiasi cha watu 23 katika kila 1,000 watapata alama zilizo chini ya hapo. Hata hivyo, chunguzi za nchi mbalimbali zilipojumlishwa, wenye ulemavu wa akili walionekana kuwa kiasi cha 10 tu katika kila 1,000. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na watu ambao alama zao ni ndogo lakini wanalima, wanauza, wanalea watoto na kuendesha maisha yao bila ya msaada wa pekee. Kwa hiyo karatasi ya mtihani haitoshi kumpima mtu.

Ulemavu wa akili haupaswi kuchanganywa na ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote, wakati wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili huanza mapema na hudumu maisha yote, ingawa mtu huendelea kujifunza hadi uzeeni. Lugha yetu haijatusaidia sana katika jambo hili, maana maneno kama taahira, punguani na zezeta yametumika kwa matusi kuliko kwa maelezo, na msemo wa mtindio wa ubongo hutumiwa kwa hali nyingi zilizo tofauti.

Sababu zake ni nyingi. Sindromu ya Down hutokana na kuwapo kwa kromosomu ya ziada ya namba 21, jambo lililotangazwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1959 walipohesabu kromosomu 47 badala ya 46. Sababu nyingine ni upungufu wa madini ya iodini kwa mama mjamzito, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda ubongoni. Walio wengi, yaani kiasi cha watu 85 katika kila 100, wana ulemavu mdogo. Hao huzungumza, hufanya kazi, na hufahamu vyema wanapodharauliwa.

2. Ukumbi wa Normansfield

Fikra ya kuwapa watu hawa jukwaa si mpya. Daktari John Langdon Down, ambaye jina lake ndilo lililopewa sindromu tuliyoitaja, alifungua makao ya Normansfield huko Teddington, karibu na London, mwaka 1868, akiyaendesha pamoja na mkewe Mary. Mwaka 1879 walizindua ndani ya makao hayo ukumbi kamili wa maonyesho, wenye jukwaa na mandhari zilizochorwa. Langdon Down aliamini kwamba muziki, uchezaji na maigizo ni sehemu ya malezi na tiba, wala si anasa ya kupitisha jioni. Katika zama ambazo watu wengi wa namna hiyo walifungwa kama wahalifu, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Hata hivyo historia hiyo ina upande wa pili. Daktari huyo huyo, katika andiko lake la mwaka 1866, aliwapanga wagonjwa wake kwa kufuata sura za makabila ya dunia, akawaita wenye sindromu hii kwa jina la watu wa Mongolia. Nadharia hiyo haikuwa na msingi wowote wa kisayansi, na jina hilo liliachwa rasmi na Shirika la Afya Duniani mwaka 1965. Vilevile, pamoja na ukumbi wake mzuri, Normansfield yalikuwa makao ya kuwatenga watu na jamii. Yalifungwa mwaka 1997, na ukumbi ungali umesimama kama sehemu ya makumbusho. Hapa tunapata funzo la kwanza. Jukwaa pekee halimpi mtu uhuru. Yatupasa kuuliza ni nani anayechagua mchezo, nani anayetazama, na mwigizaji anarudi wapi taa zikishazimwa.

3. Mwigizaji hujifunzaje maneno yake?

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni hili: mtu asiyeweza kukumbuka namba ya simu atawezaje kukumbuka mchezo wa saa nzima? Ili kulijibu, hatuna budi kujua kwamba kumbukumbu si chombo kimoja.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kumbukumbu ya utendaji kuwa na sehemu mbalimbali. Sehemu moja hushikilia sauti na maneno kwa sekunde chache, na nyingine hushikilia picha na mahali vitu vilipo. Mtu mzima wa kawaida akisomewa tarakimu moja moja huweza kurudia kiasi cha 7. Watu wengi wenye sindromu ya Down hurudia 3 au 4. Lakini wakipimwa kwa kugusa vibao vilivyopangwa mezani, kwa kufuata mpango waliouona, upungufu wao huwa mdogo zaidi. Maana yake ni kwamba mlango wa sikio ni mwembamba kuliko mlango wa jicho. Isitoshe, wengi wao husikia kwa shida kwa sababu za kimaumbile za sikio lenyewe.

Tuchukue mfano. Mwigizaji anatakiwa kusema: “Nenda ukamwambie mfalme kwamba mjumbe wake hakufika, kwa sababu mto umefurika.” Sentensi hii ina maneno kumi na moja. Mwongozaji akiisoma mara kumi na kumtaka mwigizaji airudie, atakuwa anamimina maji ya debe katika kibuyu chenye shingo nyembamba. Mwongozaji mwenye ujuzi huigawa sehemu tatu, na kila sehemu huifungamanisha na kitendo: akisema “nenda ukamwambie mfalme” ananyoosha mkono kuelekea mlangoni, akisema “mjumbe wake hakufika” anatazama njia iliyo tupu, akisema “mto umefurika” anainua viganja vyote viwili kuonyesha kina cha maji. Sasa maneno yameshikwa na mwili na mahali. Mkono ukinyooka, neno hufuata.

Njia nyingine ni kufundisha kuanzia mwisho. Mwigizaji hujifunza kwanza sehemu ya tatu, kisha ya pili na ya tatu, na hatimaye zote. Faida ya njia hii ni kwamba kila zoezi humtoa mwigizaji katika lililo geni na kumpeleka katika lile alilokwisha kulizoea, na kila mara humaliza kwa kufaulu. Anayeanza mwanzoni hufanya kinyume chake: hutoka katika lile analolijua akaenda kukwama katika lile asilolijua.

Jambo la tatu ni marudio. Kumbukumbu ya mazoea ya mwili, ile inayomwezesha mtu kutwanga au kuendesha baiskeli bila ya kuwaza, kwa wengi wenye ulemavu wa akili haikuathirika sana kama kumbukumbu ya maneno. Huchukua muda kujengwa, lakini ikishajengwa hudumu. Ndiyo sababu vikundi vingi hufanya mazoezi ya mchezo mmoja kwa miezi mingi, na pengine mwaka na zaidi. Mdundo wa ngoma nao husaidia, kwa kuwa hugawa maneno katika mafungu na kuashiria kinachofuata.

Msaada huo wote hutolewa kwa namna ya jukwaa la fundi mwashi. Mlingano huo ulitumiwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976 katika maelezo yao juu ya ufundishaji. Fundi husimamisha miti na mbao ili aufikie ukuta wa juu. Ukuta ukikauka, miti huondolewa kidogo kidogo. Mwongozaji anayemnong’oneza mwigizaji kila neno hadi usiku wa onyesho hajaiondoa miti yake. Na anayeiondoa yote siku ya kwanza atauangusha ukuta.

Tahadhari moja yahitajika hapa. Si kila ulemavu wa akili unafanana na mwingine. Katika sindromu ya Williams, inayotokana na kupotea kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 7 chenye jeni zisizofika 30, mambo hugeuka. Wenye hali hiyo aghalabu huzungumza vizuri, hupenda watu na huvutiwa mno na muziki, lakini hupata shida kubwa kutambua mpangilio wa vitu katika nafasi. Mwigizaji wa namna hiyo aweza kuushika wimbo upesi, kisha akapotea jukwaani asijue asimame wapi. Huyu atasaidiwa kwa alama za rangi zilizochorwa sakafuni. Kwa hiyo mwongozaji hafundishi jina la ulemavu, bali humfundisha mtu aliye mbele yake, baada ya kuchunguza ni mlango upi ulio wazi zaidi.

4. Vikundi vitatu

Katika mji wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, kikundi cha Oiseau-Mouche kilianzishwa mwaka 1978. Mwaka 1981 kilitambuliwa chini ya sheria ya vituo vya kazi za watu wenye ulemavu. Vituo vingine vya aina hiyo vilifunga bidhaa katika maboksi au kutunza bustani. Hiki kilifanya uigizaji kuwa kazi yenyewe. Waigizaji wake hulipwa kwa kuigiza, kama vile seremala alipwavyo kwa kupiga randa.

Katika mji wa Geelong, ulio kiasi cha kilomita 75 kutoka Melbourne nchini Australia, kikundi cha Back to Back Theatre kilianza mwaka 1987. Waigizaji wake ni watu wenye ulemavu wa akili au hali zinazofanana nao, nao ndio watungaji. Hawapewi tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Hukaa chumbani wakabuni papo kwa papo, wakajadiliana, wakabishana. Yaliyo bora huandikwa, hupangwa na kurudiwa hadi yakawa mchezo. Msomaji atakumbuka yale tuliyosema juu ya kumbukumbu: maneno yaliyotoka katika kinywa cha mwigizaji mwenyewe, kwa kipimo cha pumzi yake, ni rahisi kuyashika kuliko maneno ya mtu mwingine.

Mwaka 2011 kikundi hicho kilionyesha mchezo uitwao Ganesh Versus the Third Reich, ambamo mungu wa Kihindi mwenye kichwa cha tembo anasafiri hadi Ujerumani ya Hitler kuidai alama ya swastika iliyoporwa. Hadithi hiyo si ya mbali kwa waigizaji hao. Katika mpango wa serikali ya Hitler ulioanza mwaka 1939, watu zaidi ya 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili waliuawa katika vyumba vya gesi kufikia Agosti 1941, kwa kisingizio cha sayansi. Ndani ya mchezo huo mna hadithi ya pili, ya kikundi cha waigizaji wanaofanya mazoezi chini ya mwongozaji anayewaonea. Hivyo waigizaji wanauliza hadharani swali ambalo watazamaji huona haya kuliuliza: ni nani mwenye haki ya kusimulia, na ni nani anayemtumia mwenzake? Kikundi hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Ibsen huko Norwe mwaka 2022, na tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice mwaka 2024. Hizo hazikuwa tuzo za watu wenye ulemavu. Zilikuwa tuzo za tamthilia.

Kikundi cha tatu ni Theater HORA cha Zurich, nchini Uswisi, kilichoanzishwa mwaka 1993. Mwaka 2012 kilishirikiana na Jérôme Bel, msanii wa uchezaji kutoka Ufaransa, kutengeneza onyesho liitwalo Disabled Theater. Mpango wake ulikuwa sahili kama jaribio la maabara. Kila mwigizaji alisimama kimya mbele ya watazamaji kwa dakika moja. Akaja kutaja jina, umri na kazi yake. Akataja ulemavu wake. Kisha akacheza peke yake kwa muziki aliouchagua. Onyesho hilo lilisifiwa, na papo hapo likalaumiwa. Wengine walisema kwamba watu hawa wamewekwa kutazamwa kama vitu vya maonyesho. Wengine walijibu kwamba waigizaji walipotaja kazi yao walisema kwamba wao ni waigizaji, na kwamba anayeona ulemavu tu ndiye aliyeleta ulemavu huo machoni mwake. Mwaka 2013 mmoja wao, Julia Häusermann, alipewa tuzo ya Alfred Kerr huko Berlin, itolewayo kwa mwigizaji kijana. Mabishano hayakwisha kwa tuzo hiyo, nayo yana haki ya kuendelea, kwa sababu yanagusa jambo ambalo sayansi inalo la kusema juu yake, yaani ridhaa.

5. “Ndiyo” inayohitaji kupimwa

Mwaka 1981 mtafiti Carol Sigelman na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya majibu ya watu wenye ulemavu wa akili. Waliwauliza maswali mawili yanayopingana, kila moja kwa wakati wake. Kwa mfano, kama mtu kwa kawaida ana furaha, na baadaye kama kwa kawaida ana huzuni. Wengi walijibu ndiyo kwa maswali yote mawili. Watafiti walihitimisha kwamba mtu asiyelielewa swali, au aliyezoea kutawaliwa na wengine, huona kwamba “ndiyo” ndilo jibu la salama.

Matokeo haya ni mazito. Mtu aliyeishi miaka arobaini akiambiwa kaa, inuka, kula, nyamaza, hujifunza kwamba kukubali huleta amani. Mwongozaji akimuuliza, “Je, unapenda kuigiza?” naye akajibu ndiyo, bado hatujajua lolote. Tufanyeje basi?

Njia ya kwanza ni kuacha swali la ndiyo au siyo na kutoa uchaguzi wa kweli wenye vitu vinavyoonekana: picha ya ngoma, picha ya useremala, picha ya bustani. Mpangilio wa picha hubadilishwa kila mara, maana wengine huchagua cha mwisho kutajwa. Njia ya pili ni kurudia uchaguzi huo siku nyingine, mbele ya mtu mwingine. Njia ya tatu ni kutazama matendo: ni nani anayefika mapema, na ni nani anayeumwa tumbo kila siku ya mazoezi? Njia ya nne ndiyo bora, nayo ni kumzoeza mtu kukataa. Katika mazoezi ya kubuni papo kwa papo, mwigizaji mmoja humpa mwenzake jambo, na mwenzake ana ruhusa ya kulikubali, kuligeuza au kulikataa, wala hakemewi. Mtu aliyesema “sitaki” chumbani na dunia isianguke, ameanza kupata “ndiyo” yenye thamani. Kikundi kisichowahi kusikia “sitaki” kutoka kwa waigizaji wake kinapaswa kujichunguza.

6. Faida hupimwaje?

Wazazi na walezi husema kwamba baada ya kuingia kikundini mtu wao amechangamka, anazungumza zaidi, ana marafiki. Ushuhuda huo una thamani, lakini mwanasayansi hawezi kuishia hapo. Chunguzi nyingi zilizofanywa katika uwanja huu zilihusu watu wachache, kumi au ishirini, na nyingi hazikuwa na kundi la kulinganisha.

Tuseme watu 12 walipimwa kabla na baada ya mwaka mmoja wa maigizo, na uwezo wao wa kuzungumza ukaonekana kuongezeka. Kuna maelezo matano yanayowezekana: maigizo yenyewe yamesaidia, kutoka nyumbani na kukutana na watu kumesaidia, hata kama wangekuwa wakifuma mikeka, walimzoea mpimaji, wakaacha kumwonea haya, mpimaji alitamani kuona maendeleo, akayaona, au waliochaguliwa ndio waliokuwa wachangamfu tangu mwanzo, na wangeendelea hata bila ya maigizo. Ili kuyatenganisha, mtafiti angehitaji watu wengi zaidi, waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili, moja likiigiza na jingine likifanya shughuli nyingine ya pamoja. Na mpimaji asiyejua ni nani ametoka kundi lipi.

Lakini hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa sayansi yampasa alitafakari. Hakuna anayetaka ushahidi wa namna hiyo kabla ya kumruhusu mtu asiye na ulemavu kuimba kwaya. Hatumuulizi mpiga zeze kama zeze limemwongezea alama za IQ. Ikiwa sanaa inadaiwa kuwa tiba, basi na ipimwe kama tiba, kwa ukali wote. Ikiwa ni kazi, ipimwe kwa ubora wa kazi na kwa ujira. Ikiwa ni haki, haihitaji kipimo cha faida ndipo itolewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, umechagua njia ya tatu. Kifungu chake cha 30 kinazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kukuza vipaji vyao vya sanaa, si kwa manufaa yao tu, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Maneno hayo ya mwisho yana uzito: jamii nayo imehesabiwa kuwa ni mpokeaji.

7. Ushauri kwa walimu na vikundi vya shule

Shule nyingi za sekondari zina kikundi cha ngoma, kwaya au maigizo, na karibu kila mtaa una mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Kuwakutanisha hakuhitaji jengo kama la Normansfield. Kunahitaji, hata hivyo, kufuata kanuni chache.

Kwanza, usalama. Baadhi ya watu wenye sindromu ya Down wana ulegevu katika pingili mbili za juu za shingo. Kwa hiyo sarakasi, kupinduka kichwa chini, na kubebana mabegani visijaribiwe kabla ya daktari kumkagua mhusika. Kifafa nacho huwapata wenye ulemavu wa akili mara nyingi kuliko watu wengine. Kikundi kijue ni nani mwenye kifafa, anatumia dawa gani na kwa saa zipi, na taa za kumetameta ziepukwe.

Pili, tumieni muundo wa sanaa zetu. Wimbo wa kuitikizana una kiitikio kinachorudi kwa mdundo ule ule, na kila kinaporudi humkumbusha mwimbaji mahali alipo. Huo ni mlango mzuri wa kuingilia. Lakini mtu asiachwe kwenye kiitikio miaka yote. Akishakizoea apewe ubeti mmoja, kisha aongoze.

Tatu, zungumzeni naye kama mtu mzima. Mtu wa miaka 45 aitwe kwa heshima ya umri wake, mzee, mama au kaka fulani, wala asipewe nyimbo za chekechea kwa sababu tu alama zake za mtihani zinalingana na za mtoto. Alama zaweza kulingana, maisha hayalingani. Huyo ameshazika wazazi, ameshapenda, ameshakataliwa. Mambo hayo ndiyo ghala la mwigizaji.

Nne, onyesho likiingiza fedha, naye apate fungu lake mkononi, sawa na wengine.

Tano, mwishoni mwa kila zoezi aulizwe kwa picha au kwa vitendo nini kibaki na nini kiondolewe. Na akisema kiondolewe, kiondolewe kweli.

Watazamaji nao wana somo lao. Wapo wanaopiga makofi kwa huruma kabla hata mwigizaji hajafanya lolote, na makofi hayo hayamfai, kwa kuwa hayampi habari yoyote juu ya kazi yake. Apewe kile apewacho msanii mwingine yeyote: kusikilizwa kwa makini, kushangiliwa panapostahili, na kuambiwa ukweli panapolegea.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa nini alama za IQ peke yake hazitoshi kumtambua mtu mwenye ulemavu wa akili.

2. Chagua sentensi yenye maneno kumi au zaidi kutoka katika tamthilia unayoisoma darasani. Igawe katika mafungu, toa kitendo cha mwili kwa kila fungu, kisha mfundishe mwenzako kuanzia mwisho. Linganisha muda uliotumika na ule wa kufundisha kuanzia mwanzo. Je, wanafunzi wawili wanatosha kuthibitisha ni njia ipi iliyo bora? Toa sababu.

3. Tunga maswali mawili yanayopingana ya kuchunguza kama mtu anapenda shughuli za kikundi, kisha utunge njia ya kupata maoni yake bila ya swali la ndiyo au siyo.

4. Jadilini: “Onyesho la watu wenye ulemavu wa akili lihukumiwe kwa vigezo vile vile vinavyotumika kwa maonyesho mengine.” Upande mmoja uunge mkono, mwingine upinge, na kila upande utaje mfano mmoja kutoka katika makala haya.